Homa ya matumbo Kibera: Hesabu iliyofichua mengi

MKAZI wa kijiji cha Gatwekera, wadi ya Sarang'ombe, akipatwa na homa isiyokwisha, mara nyingi hukimbilia duka la dawa lililo karibu. Hununua vidonge vichache, na akipata nafuu hurudi kazini. Hakuna anayemwandika popote. Katika takwimu za serikali, ni kama hakuugua.

Hiyo ndiyo kasoro ya kutegemea vitabu vya hospitali pekee. Huonyesha waliofika hospitalini, si wote waliougua.

Ili kuziba pengo hilo, Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, walianza kufuatilia afya ya watu wapatao 28,000 katika vijiji vya Gatwekera na Soweto Magharibi. Wahudumu walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza nani alikuwa na homa, kikohozi au kuhara. Waliougua walitibiwa bila malipo katika Zahanati ya Tabitha, iliyopewa jina la muuguzi Tabitha Atieno Festo, aliyeianzisha kwa faida ya kuuza mboga.

Mgonjwa mwenye homa kali alitolewa damu, ikapelekwa maabarani ili vijidudu vikue na kutambuliwa. Njia hii ni ya kuaminika kuliko kile kipimo cha haraka cha Widal kilichozoeleka mitaani, ambacho huweza kuonyesha homa ya matumbo kwa mtu asiyekuwa nayo.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliwashtua wengi. Kibera ilikuwa na wagonjwa 247 wa homa ya matumbo kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Lwak, eneo la mashambani magharibi mwa Kenya lililofuatiliwa kwa njia iyo hiyo, lilikuwa na 29 tu. Walioumia zaidi Kibera ni watoto. Wataalamu walipokadiria pia wagonjwa ambao damu yao haikupimwa, walipata kuwa zaidi ya watoto 2 katika kila 100 wenye umri wa miaka 2 hadi 4 huugua kila mwaka.

Jambo jingine la kutisha ni kwamba karibu robo tatu ya vijidudu vilivyopatikana vilikuwa sugu kwa dawa kadhaa zilizozoeleka. Vile vidonge vichache vya dukani, visivyomalizwa, huchangia usugu huo.

Chanzo hakijifichi. Homa ya matumbo huenezwa na kinyesi kinachoingia katika maji au chakula. Pale ambapo mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya maji taka, ufa mmoja mdogo hutosha kuchafua mitungi ya familia nyingi.

Msomaji atauliza: kuhesabu wagonjwa kuna faida gani? Mwaka 1976, mkutano wa askari wastaafu mjini Philadelphia, Marekani, ulifuatwa na homa ya mapafu iliyoua baadhi yao. Ni kwa kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja ndipo ugonjwa huo mpya, ambao vijidudu vyake huishi majini, ulipogunduliwa. Nasi hesabu ya Kibera ilikuwa miongoni mwa ushahidi ulioonyesha kuwa watoto wa mijini Afrika wanahitaji chanjo. Julai 2025, Kenya ilianza kuwachanja watoto wa miezi 9 hadi miaka 14 dhidi ya homa ya matumbo.

Hata hivyo, chanjo haisafishi maji. Wataalamu wanashauri hivi:

• Chemsha maji ya kunywa au uyatie dawa, na uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko.

• Nawa mikono kwa sabuni utokapo chooni na kabla ya kupika au kula.

• Homa ikizidi siku tatu, nenda kituo cha afya ukapimwe damu.

• Ukiandikiwa dawa, imalize yote hata ukijihisi umepona.

Na mhudumu wa afya abishapo mlangoni na daftari lake, mjibu kwa ukweli. Ugonjwa usioandikwa hautengewi dawa wala pesa.