Mtu wa Hesabu na Pumzi za Watoto

Wazee husema: "Mali bila daftari hupotea bila habari." Neno hilo ni kweli hata kwa afya. Sikilizeni habari ya Bwana Arden Pope, mwalimu wa elimu ya uchumi katika chuo kikuu cha mji wa Provo, jimbo la Utah, huko Marekani. Yeye si mganga. Kazi yake ni kuhesabu.

Karibu na Provo kilikuwapo kiwanda kikubwa cha kuyeyusha chuma, kilichoitwa Geneva. Maelfu ya watu walipata mkate wao humo. Lakini bonde lile limezungukwa na milima mirefu, na majira ya baridi hewa hutulia bondeni kama maji katika bakuli; moshi haupati pa kutokea.

Mwezi wa Agosti 1986 wafanyakazi na wenye kiwanda walikosana juu ya mapatano ya kazi, kiwanda kikafungwa hata Septemba 1987. Nyumba nyingi zilikosa mshahara. Ndipo Bwana Pope alipoona nafasi ya kulinganisha: bonde ni lile lile, watu ni wale wale, ila moshi wa kiwanda haupo. Akalinganisha hesabu za hospitali na vipimo vya vumbi la hewani. Mwaka 1989 alitangaza: majira ya baridi kiwanda kilipofanya kazi, vumbi lilikuwa karibu maradufu, na watoto walioingizwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua walikuwa mara 2 hata 3 kuliko kilipofungwa.

Yeye na wenzake waliendelea kuhesabu katika miji mingine. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliweka kipimo cha sheria kwa vumbi jembamba kabisa, lile lishukalo hata ndani ya mapafu.

Kazi ni jambo jema, na baba asiye na mshahara ana mzigo mzito. Lakini mshahara haurudishi pumzi ya mtoto. Daftari la haki huandika yote mawili: faida ya chuma na gharama ya kitanda cha mgonjwa. Si lazima kiwanda kifungwe. Yapasa moshi wake upimwe na kupunguzwa.

Nasi wazazi tukumbuke: moshi wa kuni jikoni nao hubeba vumbi jembamba kama lile. Tupikie penye hewa, wala tusimweke mtoto mchanga karibu na moshi. Pumzi ni zawadi ya Mungu, tuilinde.