Chokaa: jiwe linalochomwa, linalozimwa, kisha linarudi kuwa jiwe

Tumbukiza ganda la yai kwenye glasi ya siki. Muda si mrefu utaona vipovu vinapanda: hiyo ni kaboni dioksidi. Ganda la yai, kombe za baharini, matumbawe na marumaru, vyote kwa sehemu kubwa ni kitu kimoja, kalsiamu kaboneti (CaCO₃). Kikikutana na asidi, hata ya ndimu, kinatoa hewa hiyo.

Sasa twende pwani. Nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Joto likikaribia nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe linavunjika:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Ukichoma kilo 100 za CaCO₃ safi, zinabaki kilo 56 tu. Kilo 44 zimepaa kama hewa!

Hatua ya pili ni kuizima chokaa kwa maji:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Lakini neno "kuzima" lisikudanganye. Hapa maji hayapozi kitu. Joto linalotoka linaweza kuyachemsha, na chokaa inaunguza ngozi na macho. Kwa hiyo tia chokaa kidogo kidogo kwenye maji mengi, sio maji kwenye chokaa, na uvae miwani na glavu.

Hatua ya tatu inatokea ukutani, polepole, kuanzia nje kwenda ndani:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Yaani chokaa inavuta tena kaboni dioksidi kutoka hewani, kiasi kilekile jiwe lilichopoteza motoni, na inageuka kuwa jiwe upya.

Kuna faida gani kuyajua haya? Leo kuta nyingi za kale zinazibwa nyufa kwa saruji. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo, unyevu unapita na kukauka. Saruji inaubana ndani pamoja na chumvi, mawe yanamomonyoka nyuma ya plasta, na boriti za mikoko zinaanza kuoza. Basi fundi akikuambia saruji ni ngumu kuliko chokaa, hajakosea. Ila kwa ukuta wa matumbawe, ugumu huohuo ndio unaoumaliza.