Fahamu: Vifaa vya kupiga mbizi ndani ya ndege

Anayekwenda kupiga mbizi Mafia au Pemba hukutana na mizani mara mbili. Ndege kubwa inayomfikisha Dar es Salaam kwa kawaida humruhusu begi la kilo 23. Ndege ndogo ya kwenda kisiwani, mara nyingi Cessna Caravan, huishia kilo 15 hivi, tena hutaka begi laini linalokunjika. Kinachozidi hulipiwa, au husubiri safari nyingine.

Mtungi wa hewa ndio unaoleta mabishano. Uliojaa haupandi kabisa. Mtupu hupokelewa na baadhi ya mashirika, lakini vali iwe imefunguliwa na kutolewa ili mkaguzi aone ndani. Kwa maoni yangu ni kujisumbua bure: mitungi na mikanda ya uzito hukodishwa huko huko.

Kisu kiende kwenye begi la chini. Tochi ya chini ya maji hutoa joto kali, hata kuweza kuwasha moto ikiwaka yenyewe begini, hivyo itenganishe na betri zake. Betri za akiba za lithiamu ubaki nazo mkononi, ncha zikiwa zimefunikwa kwa utepe. Zinazozidi wati-saa 100 zinahitaji kibali cha shirika.

Wakati wa kurudi, ukiwa umepiga mbizi mara kadhaa, subiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Kabla ya kukata tiketi, liulize shirika la ndege ndogo kwanza.