Mwaka Mzima wa Kupumzika Ugenini

Kwetu mtu akichoka huenda kwa shangazi yake. Mfikirie basi Mmarekani wa miaka hamsini, kazi imemchosha, akiba yake ni ya mwaka mmoja tu, wala shangazi hana. Aende wapi?

Wengi hutaja Italia au Ufaransa. Lakini huko, kama katika nchi nyingi za Ulaya, bila kibali kingine ataruhusiwa siku 90 tu katika kila siku 180. Albania humpa Mmarekani mwaka mzima bila viza.

Sarandë, mji wa pwani, hujaa watalii Julai na Agosti, na kodi za nyumba hupanda, wakiondoka, hushuka. Gjirokastër uko milimani, nyumba zake zimeezekwa kwa mawe, na UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2005. Mji mzuri mno! Ila nyumba ya mawe wakati wa baridi na mvua si mchezo.

Kwa hiyo afadhali afike Januari, apange chumba kwa majuma mawili tu. Aulize bei ya kuni na umeme, na daktari yu umbali gani. Tena aangalie kama yupo jirani wa kumwambia “mirëdita”, ndiyo salamu yao ya mchana. Siku hizo zikipita vema, ndipo alipe kodi ya miezi iliyobaki.