Kutambuliwa si kuidhinishwa

Majuzi kijana niliyewahi kumfunza Kiswahili, ambaye siku hizi huunda programu za kompyuta, aliniomba nimsaidie kujaribu huduma moja ya wavuti. Kabla ya kutumia zana zake, seva hudai ufunguo wa API, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu ambao programu huambatisha kwenye kila ombi.

Tulipotuma ombi la kwanza, jibu lilikuwa 401, na kando yake tafsiri: "Huna idhini."

"Mwalimu, wametunyima ruhusa," kijana akasema, akamwandikia mwenye huduma kuomba ruhusa. Tulingoja hadi jioni. Kumbe ruhusa alikuwa nayo tangu hapo! Aliponakili ufunguo, aliacha herufi ya mwisho.

Hebu tusimlaumu mtafsiri peke yake. Tangu 1996, viwango vya HTTP huiita nambari hiyo "Unauthorized", neno ambalo ukilitafsiri sisisi utapata "bila idhini". Hata hivyo, maelezo ya viwango vyenyewe yanasema kwamba ombi limekosa uthibitisho halali wa utambulisho. Aliyetambuliwa kisha akakatazwa hupewa 403. Waliobuni majina hayo walijikwaa kwa Kiingereza, nasi tukaangukia papo hapo kwa Kiswahili.

Bawabu anayesema "sikujui" na anayesema "nakujua, lakini huingii" hawajasema jambo moja. Wa kwanza mwonyeshe kitambulisho. Wa pili, hata umwonyeshe mara kumi, hutaingia mpaka mwenye nyumba aseme.

Kwa hivyo napendekeza 401 iwe "Hujatambuliwa" na 403 iwe "Huruhusiwi". Anayejaribu huduma atume maombi matatu: bila ufunguo, kwa ufunguo wenye kasoro, kisha kwa ufunguo halali usioruhusiwa kutumia zana fulani. Mawili ya kwanza yanafaa kuleta 401, la tatu 403. Majibu yakichanganyika, seva ina hitilafu.

Wapo wanaotaka ufunguo huu uitwe nywila. Mimi nashikilia "ufunguo", maadamu kitasa hakimuulizi aliyeushika ni nani. Seva nayo huitambua akaunti tu. Yeyote aliye na ufunguo huo huchukuliwa kuwa mwenyewe. Ndiyo maana picha ya skrini aliyonitumia kijana niichapishe hapa nimeikataa. Ufunguo ulionekana wote, safari hii pamoja na herufi ya mwisho. Ameufuta, ameomba mwingine.