Puto la Dagoretti linampima nani?

Juzi nilipanda matatu Kawangware, nikielekea Kibera. Tulipokaribia Dagoretti Corner, puto jeupe likawa linapaa kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Anga. Kijana mmoja akauliza, "Sasa hiyo inaenda kupima nani?" Abiria wakacheka.

Mimi niliona swali lina mashiko. Mitaani kwetu 'kupima' ni kutolewa damu kliniki, au kupimiwa unga wa kadogo dukani. Lazima kitu kiguswe. Hata puto lile hugusa. Tangu miaka ya 1990, idara hiyo hurusha kila wiki puto lenye kifaa kinachovuta hewa na kuipitisha katika maji yenye kemikali. Ozoni ikiingia humo, umeme kidogo huzalika. Puto hupaa takriban kilomita 30, ndani ya stratosfia, kisha hupasuka.

Setilaiti nayo hupima bila kugusa. Weka kiganja juu ya jiko la makaa lililofunikwa jivu. Huoni mwali, lakini joto unalisikia. Hiyo ndiyo miale ya infraredi. (Mwanafunzi mmoja aliniandikia 'mwanga mwekundu'. La! Nyekundu huonekana, hii haionekani.) Ardhi huitoa usiku na mchana, na ikipanda, baadhi ya gesi hunyakua kila moja fungu lake: ozoni karibu na mikromita 9.6, kaboni dioksidi karibu na 15. Chombo kiitwacho IASI, kilicho kwenye setilaiti za Metop tangu 2006, hutazama miale ipi imepungua na kwa kiasi gani. Ni kama mama mboga anayejua kilichouzwa kwa kuangalia nafasi zilizobaki mezani.

Gesi zenyewe ni kidogo mno. Hata pale ozoni ilipojaa zaidi, ni takriban molekuli 10 katika kila milioni moja ya hewa. Mimi huziita 'gesi haba', maana ukisema 'gesi' tu Kibera, mtu atafikiria mtungi wa kupikia.

Basi mbona puto lingali linarushwa? Kwa sababu hesabu ya setilaiti hukaguliwa kwa kulinganishwa na ya puto. Anayetazama kwa mbali huulizwa na aliyegusa.

Nilimjibu kijana, "Inapima hewa."

"Na imepatikana na nini?"

"Ozoni," nikasema, naye akashuka.