Udaktari, meno au famasi: soko linasemaje?

KILA Julai, matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba zenye kijana aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia huwa na neno moja tu mdomoni: udaktari. Baba yuko tayari kuuza kiwanja. Shangazi ameshaanza kumwita mtoto "dokta".

Ukurasa huu kazi yake ni bei na soko. Kwa hiyo wiki hii tunaipima fani hiyo kama tunavyopima pamba au kahawa: mnunuzi ni nani, analipa lini, na muuzaji anahitaji mtaji gani.

Zamani swali hilo halikuwapo. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku hospitali binafsi za kutafuta faida, hivyo mnunuzi mkubwa wa daktari alikuwa Serikali. Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa. Leo shahada haiji tena na barua ya kupangiwa kituo. Mhitimu anaomba kazi na kusubiri kama wengine.

Udaktari wa binadamu ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa utarajali. Faida yake kubwa ni kwamba hauhitaji mtaji wa kuanzia. Vitanda na maabara ni vya hospitali. Daktari anapeleka kichwa chake na mikono yake, na anaweza kushika zamu kwenye vituo viwili. Ila mijini ushindani ni mkali, na bima humlipia bingwa zaidi ya asiye bingwa. Anayetaka fedha ya maana aongeze basi miaka mingine mitatu au zaidi ya ubingwa kwenye hesabu yake.

Udaktari wa meno ni miaka ileile, mitano na mmoja, lakini biashara yake ni nyingine kabisa. Huwezi kufungua kliniki ya meno kwa meza na kiti cha mbao. Unahitaji kiti chenyewe, kompresa ya hewa, mashine ya kutakasia vifaa, eksirei, maji na umeme wa uhakika. Karibu vyote vinaagizwa nje, hivyo shilingi ikiteleza mtaji nao unapanda. Kiti kikiharibika, fundi wake hapatikani kila mkoa.

Daktari wa meno aliyepangiwa mahali pasipo na vifaa hivyo hubaki na koleo na sindano ya ganzi. Amesomea kuziba na kutibu mzizi, anaishia kung'oa. Tena wateja wengi huja jino likiwa limeshaoza, baada ya kumaliza vidonge vya dukani, na kung'oa ndiyo kazi ya bei ya chini.

Hata hivyo liko soko ambalo wengi hawalioni. Kuzunguka Mlima Meru maji yana floraidi nyingi itokayo kwenye miamba ya volkano, na watoto wanaoyanywa huota meno ya kudumu yenye rangi ya kahawia. Mji wa Maji ya Chai haukupewa jina hilo bure. Kijana wa huko akipata kazi ya hoteli au ya kuongoza watalii, hatafuti dawa ya maumivu, anatafuta tabasamu, na analipa taslimu.

Malipo ya taslimu si jambo dogo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001, ni mnunuzi mkubwa, na mnunuzi mkubwa ndiye apangaye bei. Machi 2024, kitita kipya cha bei za Mfuko kilipoanza kutumika, hospitali binafsi kadhaa zilisimamisha huduma kwa wanachama wake. Anayetegemea fomu za bima pekee ajue mapato yake yanaamuliwa mezani kwa mwingine.

Famasi, miaka minne na mmoja wa utarajali, ndiyo biashara hasa: kununua, kupanga, kuuza kabla tarehe haijaisha. Dawa iliyopitwa na tarehe ni sawa na nyanya iliyooza. Sheria inataka kila famasi iwe na mfamasia msimamizi, na wapo waliogeuza cheti kuwa nyumba ya kupangisha: jina liko ukutani, mwenyewe hayupo. Baraza la Famasi halitaki mchezo huo, na mgonjwa ndiye anayeulipia. Ushindani wa chini unatoka kwa maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003.

Wachache huulizia viungo bandia, ingawa chuo chake kilichopo KCMC, Moshi, kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ajali za bodaboda na kisukari, kwa bahati mbaya, vinaleta wateja kila mwaka. Stashahada ya utabibu nayo ni miaka mitatu, na mhitimu wake huanza kupata kipato mapema.

Mkopo nao uingie kwenye hesabu: mnufaika wa Bodi ya Mikopo akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara.

Kabla ya kuuza kiwanja, mzazi auliza chuo kina viti vingapi vya meno vinavyofanya kazi, na wanafunzi wangapi wanagawana kila kiti. Jibu hilo halipo kwenye kijitabu cha chuo. Inabidi kwenda kuviona.